Risala ya Kikundi cha Mama Lishe wa Jirani na Kiwanda cha Bia, Mchikichini, Ilala, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Bwana Afya wa Kata,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kufika. Mwaliko ulisema saa nne na sasa ni saa saba. Tumeielewa hiyo kuwa ishara ya uzito wa majukumu yako, na chakula tumekipasha moto mara ya pili bila kinyongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu haitengani na ya bia. Mjini hapa Mjerumani Schultze alikuwa na kiwanda chake tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1933 ikaanzishwa Tanganyika Breweries, Kenya Breweries wakainunua, na 1936 likaja jina la East African Breweries. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa mali ya umma, na 1993 wakaingia ubia Waafrika Kusini. Wenye mali wamebadilika kila awamu. Njaa ya mchana haikubadilika, na hapo ndipo sisi tulipoingia.

Leo tunalisha vibarua, makondakta, wafanyabiashara wa Soko la Karume, na madereva wa malori wanaokuja kiwandani kupakia machicha, yaani masalia ya nafaka ya bia, ya kulishia ng'ombe na nguruwe. Kwa hiyo hata maziwa unayokunywa nyumbani, Mheshimiwa, huenda yana mkono wetu.

Mafanikio ni makubwa. Tuna katiba yenye muhuri, tuna akaunti benki (salio si mada ya leo), tumenunua turubai jipya na masufuria mawili ya kupikia pilau la shughuli. Mwenzetu mmoja amesomesha mtoto hadi chuo kwa wali maharage.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye choo.

Hatuna. Mama anafika hapa alfajiri na kuondoka jioni, na akibanwa inabidi aende baa ya jirani, alipie, tena akikuta baa haijafunguliwa avumilie. Mteja naye akimaliza kula anatuuliza pa kwenda, tunamwonyesha kwa kidevu. Maji tunanunua kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni. Bia zaidi ya asilimia 90 ni maji, nasi tunaoishi kwa harufu yake tunasuuza sahani kwa kupimiana. Mvua zikikaza na bonde la Msimbazi likajaa, taarifa za kipindupindu zikianza, wa kwanza kufungiwa ni sisi. Bwana Afya yupo hapa. Hatumlaumu, anatimiza sheria, na kosa analoandika kila mara ni hilo hilo: hakuna choo.

Hatukusudii kumkumbusha mtu yeyote. Ila kwa kumbukumbu tu, mgeni rasmi wa kwanza alisema jambo hili "limefika". Wa pili alipiga picha na eneo. Wa tatu alimtuma fundi mwenye futi, akapima vizuri sana, akala sahani mbili, na vipimo akaondoka navyo. Wote tuliwavisha vitenge. Leo pia kitenge kipo.

Ombi letu ni moja. Matundu manne ya choo, mawili ya wanawake na mawili ya wanaume, tenki la lita 2,000, na karo la kuoshea vyombo. Eneo lipo, serikali ya mtaa imeshalionyesha. Nguvu kazi ya kuchimba shimo tutatoa wenyewe. Tulikuwa na maombi ya mkopo, jokofu na sare. Tumeyafuta yote ili hili lisipate mwenzake wa kujificha nyuma yake.

Katika kitabu cha wageni, mbele ya jina lako, katibu amechora safu ya ziada iliyoandikwa "tarehe ya kuanza ujenzi". Kalamu imefungwa kwa uzi hapo hapo mezani. Chakula kitafuata baada ya kusaini.

Tunaomba kuwasilisha.