Mwandishi wenu atuoneshe kovu la begani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa kati Jumapili iliyopita, ile ya mchambuzi anayedai Korona ingeachwa ipite tujipatie kinga ya jamii kwa njia ya asili, yaani wengi waugue wapone hadi kirusi kikose wa kumwambukiza, nimeisoma mara mbili nikidhani ni mzaha. Gazeti hili nalinunua tangu nikifundisha, sasa nimestaafu, na sijapata kuwaandikia hata siku mlipokosea matokeo ya Coastal Union. Hii imenishinda.

Sikatai kwamba aliyeugua akapona hubaki na kinga. Lakini mchambuzi kalitaja Azimio la Great Barrington la Oktoba 2020, tamko la wanasayansi waliotaka njia hiyo hiyo, kana kwamba limeshushwa na Jibrili, asitaje Manaus. Mji huo wa Brazil uliugua hasa: watafiti waliopima damu za wachangiaji walikadiria kuwa kufikia Oktoba 2020 kama robo tatu ya watu walishaambukizwa. Kwa hesabu za mchambuzi, kirusi kilipaswa kukosa pa kwenda. Januari 2021 hospitali za huko zikaishiwa oksijeni, hadi Venezuela ikapeleka malori ya kuokoa watu. Na ndui je? Ilikaa na binadamu kwa karne na karne, ikiua na kupofusha, na hiyo kinga ya asili haikuimaliza. Imemalizwa na chanjo. Mtu wa mwisho kuipata mitaani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, naye alikuwa amekwepa sindano kwa kuogopa maumivu.

Azimio lile linataka wazee walindwe pembeni wakati vijana wanaambukizana. Pembeni wapi, Mhariri? Nyumba ina vyumba vitatu na choo kimoja, na bibi ndiye anayelea wajukuu! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na maneno hayo hayo. Rais Samia alishachanjwa hadharani Julai 28, 2021, wengine tukafuata, shemeji akashikilia kwamba mwili wake umeshaijua Korona na kujifukiza kwa nyungu kunamtosha. Mwezi uliofuata akabanwa kifua. Hospitali tuliyokimbilia mitungi ya oksijeni ilikuwa imeisha, tukaambiwa tujitafutie wa kukodi. Tukaupata kwa dhamana ya pesa nisiyopenda kuikumbuka, tukaulaza mapajani ndani ya bajaji, na kufika nyumbani mita yake ya kupimia hewa ikagoma kuingia. Spana tuliazima kwa fundi anayechomelea mageti, na ni yeye aliyeifunga na kufungua koki, sisi wasomi tumesimama tunatazama. Shemeji akapona. Mama yao, aliyekuwa akimpelekea uji chumbani, hakupona. Alitaka kuchanjwa, mwanawe akamwambia asubiri kwanza waone. Mpaka leo shemeji hujipiga kifua: "Si mnaniona? Kinga ya asili hiyo!" Kinga hiyo kailipia mama mkwe wangu, na hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu: zile ndoo za kunawia zenye bomba la plastiki, zilizowekwa kila mlango wa ofisi na kila stendi, zimekwenda wapi? Niliyoiona juzi, bado ina maandishi ya "Nawa Mikono", inahifadhi mkaa. Nyingine zimekauka hadi bomba limeota buibui. Kipindupindu kikizuka tutaitisha vikao, tutalipana posho, tutanunua ndoo mpya. Mwandishi wenu mmoja angeweza kufuatilia jambo hilo badala ya kutuletea wachambuzi.

Ombi langu ni dogo. Kila atakayetuandikia tena kuhusu kuacha maradhi yapite, mwambieni aambatanishe picha ya bega lake tuone kama kovu la chanjo ya kifua kikuu halipo, pamoja na kadi za kliniki za watoto wake, zimefunguliwa kwenye ukurasa wa surua na polio. Kama kadi ni tupu, mpeni ukurasa wa mbele, atakuwa ameishi anachohubiri. Kama zimejaa mihuri, chapeni kadi kwa ukubwa wa kusomeka na makala yake muipeleke kule nyuma, kwenye herufi za matangazo ya waliopoteza leseni.

Mwalimu mstaafu,
Tanga