Mwanangu, shina lako linanepa mno

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Michoro yako imenifikia, nikaifungua kwenye kompyuta ya kazini foleni ya wagonjwa ilipoisha. Naona shina lote la titani la nyonga bandia yako, ile sehemu inayozama ndani ya mfupa wa paja, umeligeuza wavu, kuanzia shingoni hadi nchani, ili linepe sawasawa na mfupa wenyewe.

Nia yako naielewa, maana sisi watu wa mionzi ndio tunaoliona tatizo lenyewe. Mtu aliyewekewa nyonga bandia anarudi baada ya miaka kupigwa picha. Anatembea vizuri, hana maumivu. Ukiiweka picha mpya kando ya ile ya zamani, unakuta mfupa wa upande wa ndani, chini kidogo ya shingo, umefifia. Kona iliyokuwa nyeupe na kali imekuwa butu, ya kijivu.

Sababu yake umeieleza vizuri. Kwa kipimo cha ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kunepa, mfupa mgumu wa nje una gigapaskali 15 hadi 20 hivi, titani ya vipandikizi karibu 110, na kobalti-kromi inapita 200. Chuma kinaupokonya mfupa mzigo na kuushushia chini huko nchani, na mfupa usio na cha kubeba, mwili huula taratibu, kama alivyoandika Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Mgeni akilima peke yake, mwenyeji husahau jembe.

Ila sikuona mahali ulipomtaja Robert Mathys wa Uswisi, na hilo ndilo limenifanya niandike. Miaka ya 1970 alitengeneza shina la plastiki lenye kiini cha chuma, linalonepa karibu sawa na mfupa. Wazo lilikuwa hilihili lako. Ndani ya miili ya watu mashina mengi yalilegea. Shina linalonepa haliteremshi mzigo chini, linaurundika juu, pale linapogusana na mfupa, na hapo ndipo panapoanza kuchezacheza. Mchezo ukiwa chini ya mikroni 40 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mfupa unaota ndani ya matundu na kushika. Ukipita 150, kinachoota ni nyama ya kovu, na nyama ya kovu haishiki kitu. Mholanzi Rik Huiskes na wenzake walilionyesha hilo kwa hesabu za kompyuta mwaka 1992: ukilegeza shina ili kuuokoa mfupa, unaongeza mkazo mpakani mwa shina na mfupa. Kwa hiyo usiniambie tu kwamba shina linanepa kama mfupa. Niambie linachezacheza kiasi gani mtu akipanda ngazi, kwa sababu ngazi ndizo zinazolisokota.

Shingoni, tafadhali, rudisha chuma kizima. Kule Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa. Mzigo wa kutembea tu ulizidi mara mbili ya uzito wa mwili, na wa kujikwaa ulifika mara saba na zaidi. Wavu unaochapwa kwa leza hubaki na chembe za unga zilizoyeyuka nusu, na nyufa hupenda kuanzia hapo.

Halafu, mfupa uliouweka kwenye kompyuta ni wa nani? Nahisi ni wa mzee wa Ulaya. Hapa kwetu napiga picha za vijana wenye selimundu, kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu, na wengine mfereji wa uboho umezibwa na mfupa mgumu kiasi kwamba shina nene halipiti. Kijana wa namna hiyo ataishi kuliko nyonga yoyote utakayomtengenezea. Siku moja daktari atalazimika kuitoa. Mfupa ukiwa umeota kwenye wavu hadi nchani, ataitoaje bila kuupasua? Wavu uishie juu, thuluthi moja ya shina hivi. Chini acha pawe laini na pembamba. Na pale begani mwa shina weka tundu lenye hesi la kukazia chombo cha kung'olea. Kwenye mchoro wako halipo.

Nitumie mchoro mpya kabla hujampelekea mwalimu wako. Ukija likizo nitamwomba bingwa wetu wa mifupa akuruhusu uzione picha zilizofutwa majina. Baba yako anasema hela ya pango ameshatuma, uangalie simu.

Mama