Tuliulizwa "Mko Wangapi?", Tukatazamana: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Walezi na Walimu wa Chekechea, Mbagala

Ndugu zetu wa Mbagala, na wote mliowahi kuishi huku mkahama: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleykum.

Sisi wazazi na walezi wa vituo vya watoto wadogo hapa Mbagala, Dar es Salaam, tunaona haya kurudi kwenu. Mwaka juzi mlitupa mabati ya kituo kilichoezuliwa na upepo. Mwaka jana mkatununulia tanki la maji, na mpaka leo watoto wananawia hapo kabla ya uji. Hatujasahau hata mmoja wenu. Ila safari hii hatuombi bati wala tanki, tunaomba hela ya kupita kituo kwa kituo kuwauliza walezi hali zao, kazi ambayo ikimalizika hamtaona jengo jipya. Kwa hiyo tunawasihi mtuvumilie tueleze.

Aprili iliyopita, katikati ya masika, kina mama walifika kituoni saa kumi na mbili kasoro kama kawaida yao, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Wakakuta kufuli. Mlezi wa zamu alikuwa kitandani na homa. Mwenzake alishaacha kazi wiki mbili kabla, amekwenda kuuza mitumba Rangi Tatu, kwa sababu huko kila jioni anarudi na hela ya unga. Wenye jirani wa kuaminika waliwaacha watoto kwa jirani. Wengine wangefanyaje? Samaki wa Feri hawasubiri. Waliwaacha watoto barazani, wakamwomba mlinzi awatupie jicho mpaka mwenye kituo aje. Saa tatu dereva wa bajaji akatuletea mtoto wa miaka minne, ameloa chapachapa. Alimkuta anatembea peke yake pembeni ya Barabara ya Kilwa. Alikuwa anamfuata mama yake Kariakoo.

Mungu alimnusuru. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu yule dada aliyeacha kazi tunamfahamu, na hakuna kati yetu anayeweza kumlaumu. Alikuwa na watoto 61 chumba kimoja, wakati kiwango kilichowekwa nchini kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hakuwa na mkataba. Mshahara wake ulitegemea wazazi wangapi wamelipa ada wiki hiyo. Aliwahi kutuambia kwamba kuanzia asubuhi hanywi maji, maana akienda msalani hakuna wa kubaki na watoto. Darasa lile limebadilisha walezi wanne ndani ya mwaka mmoja. Ukimuuliza mtoto, "Mwalimu wako nani?" naye anakuuliza, "Yupi?"

Baada ya tukio lile wazazi na walezi tulikusanyika, tukateua wawakilishi watano, wakaenda kwenye ofisi moja inayohusika. Walipokewa vizuri, wakasikilizwa, wakapewa viti. Kisha wakaulizwa: "Walezi mko wangapi? Wangapi wamesomea? Wanalipwa kiasi gani? Wanaacha kazi baada ya muda gani?" Wawakilishi wetu wakatazamana. Walikwenda na kilio cha kituo kimoja, na kilio cha kituo kimoja hakiingii kwenye bajeti ya manispaa.

Ndipo tulipoelewa tulichokosa. Nchi yetu haina upungufu wa maandishi juu ya mtoto mdogo. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Yote hayo ni mema na tunayashukuru. Lakini mtoto wa miaka miwili, mitatu, minne, ambaye bado hajafikia darasa la awali, analelewa wapi mama akiwa kazini? Kwetu. Chumba cha kupanga, uwani kwa mtu, kando ya kanisa, nyuma ya msikiti. Malezi yenye mwitikio anayatoa mtu, na mtu huyo leo hana uhakika wa nauli ya kesho.

Wenzetu wa mbali walishapita njia hii. Kijana wetu anayesomea ualimu wa awali alitusomea habari za utafiti uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 1989. Watafiti walikwenda kwenye vituo 227 katika miji mitano, Atlanta, Boston, Detroit, Phoenix na Seattle, wakawauliza wafanyakazi wenyewe habari za mishahara na mazingira ya kazi, na wakakaa madarasani kuangalia watoto wanavyotunzwa. Waliona kwamba penye mshahara bora malezi yalikuwa bora, na kwamba watoto wa vituo vyenye walimu wanaokuja na kuondoka walikuwa nyuma katika lugha na katika kuishi na wenzao. Kazi ile haikuishia kabatini. Mmoja wa walioiongoza, Marcy Whitebook, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwaka 1999 alianzisha kituo cha utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2016 kituo hicho kinatoa taarifa inayoonyesha kila jimbo linawatendeaje walimu hawa. Sisi si Marekani, na hatuna chuo kikuu mkononi. Ila kuuliza tunaweza, kuandika tunaweza, na mitaa yetu tunaijua kuliko mgeni yeyote.

Basi tunataka kupita kituo kwa kituo, vyenye usajili na ambavyo havijasajiliwa, tumsikilize kila mlezi. Una watoto wangapi? Umesoma wapi? Unalipwa nini, na lini mara ya mwisho mshahara ulichelewa? Una mkataba? Unachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Ukiugua nani anashika nafasi yako? Mwaka jana ulifikiria kuacha? Majibu tutayajumlisha, tutayaandika kwa Kiswahili chepesi, na kuyafikisha kwa diwani, kwa afisa ustawi wa jamii na kwa mkurugenzi kabla mipango ya mwaka mpya wa fedha haijafungwa. Tumeshaandika barua ya kuomba kibali.

Wenye vituo wametujia na wasiwasi kwamba tunataka kuwachongea. Hapana. Majina ya watu na ya vituo hayataandikwa. Wengi wao ni wajane na wastaafu walioanza kwa kuwaonea huruma watoto wa jirani, na ada wanayotoza haiwezi kupanda kwa sababu mama muuza vitumbua hana zaidi. Mlezi hawezi kulipwa vizuri kwa jasho la mzazi maskini peke yake. Hili ndilo tunalotaka wakubwa waliangalie, na hawataliangalia bila takwimu. Wapo waliotushauri tuunde kikundi tukope katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Tunashukuru kwa ushauri, na kwa biashara ni jambo jema, ila mkopo haulipi mishahara. Mkopo unadai.

Gharama ni hizi. Wakusanya taarifa kumi kwa siku 15, nauli na chakula shilingi 10,000 kwa siku: 1,500,000. Walezi wa zamu sita watakaokaa na watoto wakati wenzao wanahojiwa, shilingi 8,000 kwa siku kwa siku hizo 15: 720,000. Madodoso, kalamu na mafaili: 280,000. Kuchapa nakala 150 za ripoti: 600,000. Turubai, viti na kipaza sauti siku ya kusoma matokeo mbele ya wananchi: 350,000. Jumla ni shilingi 3,450,000. Walezi wenyewe, kwa mishahara hiyo hiyo tuliyoisema, wameshachanga 410,000. Zimebaki 3,040,000.

Tuseme na hili, mtusamehe. Mtaa huu tukipewa kadi ya harusi tunatoa, na kamati ya sherehe ikikaa wiki tatu inatoka na mamilioni ya ukumbi, keki na muziki. Si vibaya, furaha ni haki ya watu. Lakini bibi harusi yule, nani alimfundisha kushika kalamu? Nani alimfuta kamasi mama yake akiwa sokoni? Wengi mnaosoma hapa mlipita shule ya vidudu mkiwa hamjui hata kufunga vifungo vya shati. Mwalimu yule mnamkumbuka kwa jina. Jaribuni kukumbuka kama kuna siku mtu yeyote alimuuliza anaishije.

Atakayetoa elfu moja ametoa. Atakayetoa rimu ya karatasi, tunaipokea. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kila mchango una stakabadhi. Fedha zinakaa benki kwa saini tatu, ya mzazi, ya mlezi na ya mjumbe wa serikali ya mtaa, na mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa hadi kazi iishe. Ikibaki hata shilingi mia, mtaambiwa imekwenda wapi.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Padri, mchungaji na imamu wamekubali kuwa nasi na watatuombea wote. Asiyeweza kufika ampe mhazini mapema, au amkabidhi mlezi wa mtoto wake; daftari liko kila kituo. Wenye watoto wadogo njooni nao, walezi wa zamu watatandika mikeka chini ya mwembe na uji utakuwepo. Yule dereva wa bajaji amesema atabeba wazee bure kutoka kituo cha daladala kuanzia saa saba.