Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuhifadhi makala za ensaiklopidia kwenye kompyuta za nyumbani,

Nawashukuru ninyi 17 mliofika. Daftari lina majina 64 na akidi ni theluthi, yaani 22, kwa hiyo kikatiba kikao hiki hakipo. Taarifa naisoma hivyo hivyo kwa sababu nimeshaichapa kwa fedha yangu.

Shughuli za mwaka mnazijua: mafunzo mawili ya uhariri, makala tulizonakili kutoka Wikipedia ya Kiswahili kwa masharti ya leseni yake, na vituo vyetu vitatu, zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizo kwa katibu, kwa mhazini na kwangu. Umeme wa kituo changu nalipa mwenyewe. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba, kituo hicho kiliendelea kutoa makala kwa waifai ya ndani, na watoto wa jirani wakasoma habari za Kilwa Kisiwani bila bando. Waliosema nakala za nyumbani ni mchezo wa wazee wasio na kazi, nawaomba walikumbuke hilo. Kituo cha mhazini kilikuwa kimechomolewa kupisha pasi.

Sasa makala iliyoondolewa mwezi Juni. Mtu aliandika juu ya mama mmoja muuza vitumbua, akaweka ugonjwa wake na namba yake ya simu. Mwanawe alinijia usiku kuomba iondolewe. Katika mfumo wetu wa IPFS, yaani kompyuta nyingi zinazogawiana nakala bila seva kuu, ukurasa hauitwi kwa anwani ya seva bali kwa alama inayotokana na maandishi yenyewe, na yeyote mwenye nakala anaweza kumgawia mwingine. Kitufe cha kufuta kila mahali hakipo. Ndiyo maana Uturuki ilipoifunga Wikipedia tarehe 29 Aprili 2017, watu waliiweka humo nakala ya Wikipedia ya Kituruki, ilhali tovuti yenyewe ilifunguliwa Januari 2020. Nilichoweza mimi, na nilichofanya, ni kuamuru vituo vyetu vitatu viache kuishika nakala ile, kisha nikaitoa kwenye faharasa. Aliyeihifadhi kwake bado anayo. Simzuii wala simuwezi.

Eti nimefanya kile kile tulichokikimbia, mkubwa kuamua peke yake makala ipi ifutwe! Mjumbe mmoja ameandika barua ya kurasa nne akinifananisha na maofisa wa ujasusi wa Ufaransa, ambao mwaka 2013 walimlazimisha mhariri wa kujitolea afute makala ya kituo cha redio cha kijeshi cha Pierre-sur-Haute. Makala ile ilirudishwa, na siku zile ikasomwa kuliko zote katika Wikipedia ya Kifaransa. Mfano mzuri, ila kituo cha jeshi hakina mtoto wa kuja kulia mlangoni. Wale walikuwa na vitisho vya dola. Mimi nilikuwa na nywila mliyonikabidhi wenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kukesha.

Kwamba sikuitisha kamati, nakubali. Niliwapigia wajumbe sita. Watatu hawakupokea, mmoja akasema tungoje kukuche, wawili wakasema, "Wewe ndiye mwenyekiti, amua." Mmoja wa hao wawili ndiye mwenye barua ya kurasa nne.

Pendekezo la kuwalipa waandishi kwa sarafu ya kidijitali, kama ilivyofanya Everipedia, ensaiklopidia nyingine ya mtandaoni, nimeliahirisha. Larry Sanger, aliyeianzisha Wikipedia pamoja na Jimmy Wales, alijiunga nao mwaka 2017, na mwaka 2019 akaondoka. Sisi ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi inatushinda, sarafu tutaitolea wapi?

Tulitarajia ada ya shilingi 1,536,000. Zimeingia 418,000, zimetoka 461,500 kwa memori kadi, betri, ukumbi na chai. Pengo la 43,500 nimeliziba mimi. Risiti anazo mhazini. Wapo wanaodaiwa tangu mwaka juzi, na sauti zao ndizo nilizozisikia zaidi mwezi Juni.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini vituo vitaongezeka, pengine Tanga, pengine Zanzibar, na vijana watavutiwa. Rasimu ya kanuni ya kuondoa makala iko kwa katibu. Anayetaka kuisoma aende nyumbani kwake, na kitabu cha stakabadhi za ada kipo hapo hapo.