Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa hapa mjini na mliotoka Muheza, Pangani na Lushoto.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa dodoso la maumivu sugu, yaani yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Mmoja wetu alilitafsiri kutoka Kiingereza, mwingine ambaye hakuwahi kuliona la awali akairudisha tafsiri hiyo kwa Kiingereza, kisha tukalinganisha. Mezani lilionekana safi. Tukalipeleka Pangani.

Bibi mmoja mchuuzi wa samaki alitukaribisha barazani. Muuguzi wetu alipomsomea "maumivu ya kupiga risasi", tafsiri yetu ya neno kwa neno ya "shooting pain" ya Kiingereza, bibi alivuta kanga yake akasema, "Mwanangu, mimi sijapigwa risasi." Akatuonyesha kwa kidole: yanachoma ghafla kiunoni, yanakimbia pajani, yakifika unyayoni ni ganzi tupu. Tukamwomba ayape namba ya ukali wake, kuanzia 0 hadi 10. Akanyamaza. Kisha akasema jana ndoo ya samaki ilimshinda, leo ameifikisha sokoni akipumzika mara mbili njiani. Tuliandika jibu hilo kama lilivyo, na kwangu lina habari kuliko namba yoyote. Dodoso sasa linasema "maumivu yanayochoma ghafla na kukimbia", maneno yake mwenyewe.

Sentensi ile mbovu ilikuwa imepita kwa daktari, mtakwimu na mwalimu wa lugha. Aliyeikamata ni mgonjwa. Kwa hiyo nawasihi vijana wetu wanaotaka kubobea katika utafiti wa maumivu: msijifungie kwenye fani moja. Nadharia ya lango, iliyogeuza elimu hii mwaka 1965, waliiandika wawili, Ronald Melzack, mwanasaikolojia, na Patrick Wall, mtaalamu wa neva. Walieleza kwamba uti wa mgongo haupitishi tu taarifa za maumivu. Huweza kuzikuza au kuzipunguza, na ubongo nao huamuru lango hilo. Ukimhoji mtu juu ya kiuno chake bila kuuliza usingizi, hofu na riziki yake, umeacha nusu ya ugonjwa.

Ushirikiano nao una machungu yake. Mwenzetu mmoja alikusanya taarifa vijijini kwa miezi mingi kwa ajili ya timu fulani. Makala ilipotoka, jina lake halikuwemo. Liliniuma sana, na naona tulichelewa kulisemea. Sasa tumekubaliana kwamba kabla ya kuomba kibali cha maadili NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iandikwe na kusainiwa nani ni mwandishi, taarifa zitatunzwa wapi, na waliohojiwa watarudishiwa vipi majibu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao tunaelekea Muheza na Lushoto. Wazee wengi kule wakiumwa husema kwanza kwa Kibondei au Kisambaa. Mnaozijua lugha hizo, hata kama hamjawahi kushika dodoso, jiandikisheni kwa katibu leo kabla hatujatawanyika. Bibi wa Pangani tulimwahidi kwamba atasomewa dodoso lililosahihishwa. Nitakwenda mwenyewe pamoja na muuguzi.

Mwenyekiti