Zuhura, ile chai niliipika na maziwa

Kisumu, Jumanne usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kama mchanga wa bahari, na baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, ibada imekwisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenipa alama mbili hapo.

Jumapili uliniuliza kama Abdulrahim, akirudi Guangzhou mwezi ujao, alete mkebe mwingine wa ile chai ya asumini unitumie, “maadamu ile ya kwanza uliipenda.” Swali hilo limenikaa kooni siku mbili. Nilijaribu kukujibu kwa sauti kwenye simu, nikafuta mara nne. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Zuhura, sikuipenda. Yaani niliipenda, lakini nimeipenda kwa kuchelewa, wakati imebaki kidogo chini ya mkebe, tena inanuka omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Ngoja nianze mwanzo.

Kifurushi kilifika salama, nikakichukua ofisi ya basi nikielekea kazini. Jioni nikafungua. Unajua majani yenyewe yalivyoviringwa, kila punje kama pilipili manga, ila hizi zina michirizi myeupe. Atieno aliuliza kama ni za pilau. Mimi nikainamisha pua mkebeni, na papo hapo nikawa uani kwenu, usiku ule wa kabla ya harusi yako, kina mama wamekaa mkekani wanatunga vikuba, sinia limejaa asumini na mrehani. Shangazi yako alinibandika kimoja kifuani akacheka, eti mgeni wa bara leo atalewa. Nililala nacho. Asubuhi maua yalikuwa yamesinyaa, ya kahawia, lakini mto mzima ulinukia, na hata nywele zangu zilinukia mpaka tukafika Voi tukirudi.

Sasa mtu aliyekumbuka yote hayo akafanya nini? Akabandika sufuria. Maziwa nusu lita, maji nusu lita, tangawizi, sukari, vijiko vinne vya zile punje, nikaacha ipande na kushuka mara tatu kama mama alivyonifundisha. Baba Otis akapiga funda moja, akakiweka kikombe mezani taratibu kama mtu anayeweka bomu, akauliza ni nani aliyetia marashi kwenye mwarobaini.

Nikamwaga sufuria nzima. Kisha nikakaa kwenye stuli pale pale jikoni, nikakuandikia: “Asante mwenzangu, tamu ajabu!” Uongo mtupu. Wewe ungeandika nini?

Aliyeniokoa ni binti wa Mama Bilha, yule aliyesomea Uchina. Alikuja mwezi wa pili kutusalimia, nikamsimulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia nitoe sufuria machoni pake. Chai tuliyoizoea, hii ya Kericho na Nandi, jani lake hukatwakatwa na kusagwa, likaachwa lipigwe na hewa mpaka libadilike rangi, ndipo likaushwe. Limeshapitia kila mateso, ukilichemsha na maziwa halishtuki. La kijani, kama hili lako la asumini, linatoka kwenye mti uleule, lakini hupitishwa motoni mapema ili lisigeuke. Ukilimwagia maji yanayotokota, linakutolea uchungu wake wote. Linataka maji ya nyuzi kama 80 hivi.

Baba Otis aliposikia nyuzi, ualimu wa fizikia ukampanda. Akaanza kutufafanulia kwamba Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji ya hapa huchemka yakifika kama 96 tu, na nyinyi wa Mombasa ndio wenye 100 kamili. Kwa hiyo, akasema, mkewe, yaani mimi, aliiunguza kwa nyuzi 96 na si 100, apunguziwe hukumu. Huyo ndiye mume niliye naye.

Kipimajoto hatuna. Ninachofanya ni hivi: maji yakichemka nayaondoa motoni, naacha birika wazi dakika tano nikikunja nguo, mpaka mvuke uwe unapanda kwa uvivu. Natia punje nane au tisa kwenye glasi, si kikombe, kwa sababu nataka kuona. Nikimimina, mwanzo hazifanyi kitu. Zinakaa chini kama zimenuna. Halafu moja inalegea, inatoa ncha, inajinyoosha pole pole, na nyingine, mpaka glasi inakuwa na majani mazima yamesimama wima, na maji yamekuwa ya rangi ya nyasi kavu. Dakika mbili, tatu zikizidi. Sukari hapana. Nakunywa nikiacha majani chini, naongeza maji, na ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, Zuhura, naapa. Ya tatu ni ya mtu mwenye subira.

Basi nikawa nakunywa kila jioni wakishalala, na raha yangu ikadumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikafunua mkebe, harufu ikanipokea ya ziwani. Nilikuwa nimeuweka kabatini bila kuubana kifuniko, na jirani yake ni mfuko wa omena wa kutoka Dunga. Chai kavu hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo. Niliinywa hivyo hivyo siku moja. Usiulize.

Nilipompigia binti wa Mama Bilha kulia, ndipo akanieleza jambo ambalo limenifanya nisilale. Nilidhani wanachanganya tu maua na majani, au wanapulizia marashi (wapo wanaopulizia, alisema, za bei rahisi). Kumbe ile nzuri hutengenezwa kwa tabia hiyohiyo iliyoniponza. Majani huchumwa na kukaushwa majira ya kuchipua, yakahifadhiwa kungoja asumini ya kiangazi. Vitumba vya maua huchumwa mchana vikiwa bado vimefumba. Usiku vinapofunguka vinalazwa pamoja na chai, na chai inakunywa harufu mpaka asubuhi. Maua yanachekechwa yanatolewa, chai inakaushwa tena kwa sababu imepata unyevu wa maua, halafu usiku mwingine maua mapya. Hivyo mara kadhaa. Kwa hiyo unayemkuta mkebeni si ua, ni jani lililolala na ua.

Ni kikuba na mto wangu! Nimekuwa nikilifikiria hilo nikiwa darasani, nikiwa kwenye boda boda. Na asumini yao, aliniambia, ni hii hii ya kwenu.

Sasa ombi. Mwambie Abdulrahim asinunue. Pesa hiyo mle samaki. (Kama ameshanunua, basi, sitakuwa na kiburi, nitumie.) Ninachotaka ni vipandikizi vya ule mti wa asumini ulio uani kwa mamako, vitatu au vinne, vifungwe kitambaa chenye maji, vipande basi la usiku. Kisumu ni joto, vitashika. Nimeshanunua pakiti ya chai ya kijani ya Nandi, haina makuu, lakini ni safi na nimeifungia kwenye chupa ya kioo, mbali na kila chenye mapezi. Najua mti mmoja hautajaza mkebe. Mimi natafuta ya glasi moja tu.

Kuna ua jeupe linanukia kwenye ua wa mwalimu mkuu, nilikaribia kulichuma. Nikaogopa. Si kila cheupe kinachonukia ni cha kunywa, na mimi wa bara ningejuaje?

Nijibu basi: mamako hukata tawi la namna gani, laini au lililokomaa? Anapanda juani au kivulini? Mbuzi hula asumini? (Hapa ni swali la maana.) Ni saa ngapi hasa maua yanaanza kufunguka, magharibi au baada ya isha? Na wewe ile yako uliipikaje? Usiniambie na wewe ulitia maziwa. Au ulitia? Halima amejifungua? Na umenikasirikia?

Wako yuleyule muongo,
Rispah

N.B. Mkebe nimeuosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni. Bado omena. Atieno sasa anawekea pilipili manga.