Kilomita za mama wa jikoni

Oya Hemedi mwanangu,

Za Tanga, mama hajambo? Mimi huku Münster nipo ila miguu haina hamu na mimi. Usicheke, nimerudi kwenye baiskeli, tena siyo kwa kukosa nauli, gari ninalo limepaki pale nje, nimejiandikisha kwa hiari yangu, hiari ya kusukumwa na wamama wa kazini lakini.

Huku Ujerumani kuna kitu kinaitwa Stadtradeln, kilianza 2008, kila mji unachagua siku zake 21 mfululizo, mnaunda timu mnaahidi kuacha gari na kunyonga baiskeli, halafu kila kilomita unaingiza kwenye programu ya simu. Hadi madiwani wanahesabiwa zao, hebu vuta picha diwani wetu kifua wazi na baiskeli! Kuna na cheo cha Stadtradeln-Star, huyo siku zote 21 hakai ndani ya gari hata kwa lifti, ruksa basi na treni tu. Waliponigusia hiyo nikajifanya Kijerumani kimenipotea.

Sasa nikwambie, ahadi yenyewe haimtoi mtu kitandani. Kinachokutoa ni ile listi ya timu. Siku ya nne mvua, nikasema naingia kwenye gari nani ataniona, jioni nafungua simu nakuta mama mmoja wa jikoni ana miaka 61 kaingiza kilomita 18, mimi sifuri, aisee niliona haya peke yangu chumbani. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani.

Na njia zipo siwezi kudanganya, kuna ile Promenade, kama kilomita 4 na nusu inazunguka mji wa zamani palipokuwa na ukuta, miti imefunga juu kama paa na magari hayapiti. Stesheni kubwa wana paking ya baiskeli chini ya ardhi, zinaingia 3,300. Shida ni baiskeli yangu ya mtumba, breki yake unakanyaga pedeli kurudi nyuma, na we unanijua nilivyo na mchezo wa kuzungusha pedeli kinyumenyume. Siku ya kwanza niko kwenye spidi nikazungusha, tairi ikakaza kwiii, nikaishia kwenye majani, babu mmoja akapita zake na kengele tu triing hata hakusimama. Nimelala pale nikaikumbuka Phoenix ya mjomba, tunapakizana watatu toka Ngamiani mpaka Raskazone, wewe kwenye bomba unalia makalio, na hakuna aliyetuandikia hata kilomita moja.

Juzi siku zimeisha. Nikashuka na funguo kwa mbwembwe niende sokoni kwa gari, nawasha, kimya, betri imekufa. Nikarudi ndani kuchukua pampu.

Msalimie fundi,
Wako Bakari